Mkanda Uliopanda Hadi Juu

Ghubra, Maskati
16 Februari 2025

Mdogo wangu Wael,

Assalamu alaykum. Naomba karatasi hii ikukute una afya na umekula kitu. Sisi huku tuko. Baridi yetu imekwisha, ile uliyokuwa ukiicheka na kusema hii si baridi, hiki ni kivuli. Nalwoga keshafua mablanketi na kuyarejesha kabatini. Nalwoga ni yule msichana wa Kiganda anayenisaidia nyumbani. Alikuja baada ya wewe kuondoka, kwa hivyo humjui, lakini anakusalimia hivyo hivyo. Bwana Bakhit, ami yake mwanangu Jaifar, mguu bado unamsumbua, na kila Ijumaa yuko hapa. Thureya yuko nami. Huyu mke wa mwanangu hajenda kwao, nami sijamwambia aende.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu simu siiwezi. Mara ya mwisho ulisema "Dada," mimi nikasema "Naam," kisha tukakaa kimya mpaka Nalwoga akadhani laini imekatika. Kwenye karatasi mtu anaweza kunyamaza bila ya mwenziwe kumsikia.

Ulituambia kwamba theluji ilimshukia Jaifar mlimani mwezi uliopita, na kwamba watu wa uokozi waliikuta pikipiki yake na kile kifaa cha kutoa ishara, lakini yeye hawakumkuta, na tufani ilipokuja wakarudi. Hayo nimeyasikia. Mimi nna swali jingine.

Siku chache kabla, alinipigia simu kutoka karakana yako. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. "Mama," akasema, "huku theluji si moja. Ipo kama unga wa ngano, ipo kama chumvi ya mawe, ipo kama uji. Na hizi pikipiki za theluji nyuma hazina tairi. Zina mkanda mpana wa mpira wenye meno, na kila theluji ina mkanda wake. Mjomba ananifundisha." Nikamuuliza, "Na wewe umechagua upi?" Akasema, "Ngoja Mama, chai yangu inapoa," akakata. Ndivyo alivyo. Akishikwa na chai hana mama.

Nataka kujua alichagua upi. Ulikuwa ndio au sio? Mtoto huyu kakulia kwenye mchanga wa Bidiya, kila likizo yuko juu ya vilima na gari lake. Naogopa aliiona theluji akadhani ni mchanga mweupe.

Niambie hilo tu.

Dada yako,
Zeyana


British Columbia, Kanada
9 Machi 2025

Dada yangu Zeyana,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika na harufu ya udi, sijui uliiweka wapi. Ramadhani njema kwenu nyote. Mimi nafunga, na kwa kuwa siku za huku bado ni fupi, sioni tabu. Wenzangu wawili wa karakana wamenizoea. Mmoja wao, yule mnene anayeimba akifanya kazi, siku hizi anakwenda kula nje ili asinitamanishe. Nimemwambia hakuna haja, akasema ni heshima kwa mgonjwa. Kwake yeye kufunga ni maradhi.

Msalimie Bwana Bakhit, na umwambie akandwe mguu na mafuta ya habasoda. Msalimie Thureya.

Umeuliza habari za mikanda. Nitakueleza kama nilivyomweleza yeye. Theluji mpya, kavu, inayokufika kifuani, inataka mkanda mrefu wenye meno marefu kama kidole cha kati, na mpira wake uwe laini. Urefu unaifanya mashine ielee, na meno yanakamata pale ambapo hakuna cha kukamata. Ukienda na mkanda mfupi, unazama ulipo. Lakini theluji hiyo hiyo ikipigwa na upepo ikawa ngumu, meno marefu ni hasara. Mashine inatembea juu ya ncha zake kama mtu mwenye miiba nyayoni, meno yanakatika, na injini inachemka kwa sababu hakuna theluji laini inayorushwa kuipoza. Hapo unafunga mkanda wa meno mafupi. Mwezi wa nne na wa tano theluji inalowa na kuwa nzito, na meno laini yanapinda tu bila kusukuma. Hapo unataka meno ya wastani, tena magumu.

Huku sasa upepo umepiga sana. Nimefunga mkanda mfupi kwenye mashine yangu. Jumapili tulipanda, sisi watatu, tukachoma theluji kwa zile fimbo ndefu za kutafutia, mstari kwa mstari. Yule mwimbaji alileta chai kwenye chupa, wakanywa wao. Hatukupata kitu. Tutapanda tena.

Jitahidi kula daku, Dada. Najua huli.

Wael


Ghubra, Maskati
3 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Idi imepita. Kwetu ilikuwa Jumatatu. Nilipika wali na nyama kwa ajili ya watoto wa jirani, maana wao wana haki yao. Tulikaa mimi na Thureya, tukapokea wageni, tukawapa kahawa na halwa. Wageni nao walikaa kama watu waliokalia miiba, hawajui watupe mkono wa Idi au wa tanzia.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Umenifundisha mikanda mitatu, ahsante. Wa mwanangu hukunitajia.

Nikuhadithie mambo ya huku. Siku ya Idi baada ya adhuhuri Bakhit alibaki. Alizungusha kikombe cha kahawa mpaka nikaona sasa atasema.

"Mama Jaifar," akasema, "nimezungumza na shekhe. Anasema Wael aliona kwa macho yake. Akiandika ushahidi, kadhi atahukumu. Tutamsalia, tutaweka azaa, matanga ya siku tatu, na Thureya ataingia eda. Na kwa kuwa hakuna aliyeuona mwili, eda itahesabiwa tangu siku ya hukumu. Kwa hiyo kila tukingoja, anayengojeshwa ni yeye."

Nikamwambia, "Wewe ndugu yako, baba yake Jaifar, ulimzika?"

"Nilimzika."

"Ulimwosha?"

"Nilimwosha mimi, na wewe ulikuwapo nje ya mlango."

"Basi mimi mwanangu hajaoshwa hata ukucha, na wewe unaniletea hesabu za eda siku ya Idi."

Masikini, akainamisha kichwa. Akasema, "Nimekosea siku, sijakosea neno," akachukua fimbo yake akaenda. Ijumaa alikuja tena na tikiti maji kutoka soko la Mawaleh, na hatukulizungumza.

Thureya nilimuuliza. Akanijibu, "Kama Mama alivyosema." Ndiyo jibu lake kwa kila kitu siku hizi. Nikimuuliza chai ya maziwa au ya rangi, kama Mama alivyosema.

Wael, Jaifar alipokuwa mdogo alikuwa akivua makubadhi yake mlangoni na kuacha kimoja juu ya kingine. Mimi nikivitenganisha, nikimwambia viatu vikipandana mtu atasafiri. Basi alikuwa akifanya makusudi, anakaa pembeni aone nitakavyosema. Mtafute. Usichoke na mimi. Mlete nimwone akioshwa, kisha waseme wanayotaka kusema.

Na unijibu nililokuuliza.

Zeyana


British Columbia
27 Aprili 2025

Dada yangu,

Idi njema iliyopita. Niliswali mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari, kwenye ukumbi wa skuli. Tulikuwa Wasomali, Waarabu, Wapakistani na mimi. Mzee mmoja aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Maskati. Akaniuliza kwa nini simu yangu inazungumza Kiswahili. Nilikuwa nasikiliza ujumbe wako wa zamani, ule wa kunifundisha kupika mchuzi wa papa.

Theluji imebadilika. Mchana inalowa kama uji aliosema Jaifar, na alfajiri inaganda kama jiwe. Nimeutoa mkanda mfupi, nimefunga ule wa wastani wenye meno magumu, maana napanda alfajiri ikiwa imeganda na inanipasa kushuka kabla jua halijailainisha. Mkanda mmoja ufanye kazi mbili. Si mzuri kwa yoyote kati ya hizo, lakini unanifikisha. Korongo ambamo theluji iliishia ni refu, na chini yake maji yameanza kupita. Nayasikia nikizima injini. Nachimba kandokando ya maji hayo.

Juzi upande wa pili wa korongo theluji ilishuka tena, kidogo tu. Sikuwa chini yake.

Kuhusu ushahidi, nitauandika. Nipe muda. Nikikaa mezani mkono unakuwa mzito.

Msalimie Bwana Bakhit, na umwambie hajakosea siku wala neno, ila asiseme nimesema.

Wael


Ghubra, Maskati
18 Mei 2025

Wael,

Salaam alaykum. Joto limeingia. Nalwoga anasema kwao Masaka hata ukikaa ndani ya chungu huwezi kupata joto kama hili. Bakhit kapata viatu vipya vya daktari, anatembea navyo kama bwana harusi, na sote tunamcheka usoni kwake.

Barua yako imenikosesha raha. Machi ulinitajia wenzako wawili, na chupa ya chai, na yule anayeimba. Katika barua ya Aprili hakuna aliyeimba. Uko peke yako huko juu. Watu wenye akili zao wameacha kupanda kwa sababu theluji inashuka, na wewe unapanda kwa sababu dada yako kakwambia usichoke. Usinibishie. Nimekulea mimi, tangu mama yetu alipotutoka, na najua ukinyamaza unaficha nini.

Sasa nisikilize.

Wiki iliyopita nilimpeleka Thureya kliniki hapa Ghubra, ana maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Mapokezi palikuwa na binti wa Kikenya, Stacy, mchangamfu, anamwita kila mtu dada. Alimuuliza jina, umri, kisha akasema, "Dada, umeolewa ama bado?"

Thureya akaniangalia.

Yule binti akacheka. "Hii pia ni ngumu? Ama bwana amekukasirisha asubuhi?"

Thureya akavuta ushungi wake mbele. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ndogo, mbele za watu, "Mama, niseme mimi ni nani?"

Stacy aliacha kucheka. Akasema, "Pole dada, tuache hiyo, twende mbele." Alikuwa na adabu, Mungu ambariki. Lakini mimi sikwenda mbele. Nilibaki pale pale kwenye kiti, nikimtazama mtoto wa watu. Ana miaka ishirini na sita. Nimemfunga mlangoni kwangu, si mke, si mjane, kwa sababu mimi sitaki kulisikia neno moja. Na wewe nimekufunga kwenye korongo.

Niliporudi nilimpigia Bakhit. Nikamwambia tuko tayari. Akasema, "Nitaleta viti."

Kwa hivyo, Wael, ufungue huo mkanda. Uutoe kwenye mashine uutupe mbali. Usipande tena. Serikali ya huko itatafuta kwa miguu theluji ikiisha, ikimpata imempata, isipompata dunia yote ni ya Mwenyezi Mungu, na huko pia anaoshwa na maji Yake. Mimi nna ndugu mmoja tu aliyebaki. Sitaki nikuulizie na wewe.

Andika ushahidi. Wa kadhi andika kama watakavyo wao. Na mimi niandikie kama ulivyoona. Uniambie na mkanda aliochagua. Hata ukiwa sio, niambie. Nimekaa miezi hii yote nikitamani uwe sio, maana kosa mtu unaweza kulishika mkononi.

Dada yako


British Columbia
12 Juni 2025

Dada Zeyana,

Idi ya kuchinja imenikuta kitandani na homa, nimepona. Ushahidi nimeuandika na kuutuma kwa Bwana Bakhit, umefika, amenijibu. Mkanda nimeutoa. Yule mwimbaji alinisaidia, na siku hiyo hakuimba. Sijautupa, ni wa karakana, lakini mashine nimeiweka juu ya magogo na kuifunika.

Uliniambia niandike nilivyoona.

Siku ile theluji mpya ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo, kavu, nzuri. Chini yake ilikuwapo ya zamani iliyopigwa na upepo, ngumu. Asubuhi Jaifar alitandaza mikanda miwili karakanani, mrefu na wa wastani. Akakaa chini katikati yao na kikombe chake. Nikamwambia achague mwenyewe nione kama amejifunza. Akasema, "Juu laini, chini ngumu. Mtu wa Bidiya atachagua mrefu kwa sababu ya ulaini, ndiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini mimi nachagua mrefu si kwa sababu ya ulaini. Nachagua kwa sababu juu ni mita nzima, meno hayatafika chini kuligusa gumu." Nikampigia makofi. Ndilo jibu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na nisingesema vizuri zaidi. Akaufunga mwenyewe, mimi nikamshikia taa.

Dada, mkanda ulikuwa ndio. Hakudhani theluji ni mchanga. Hilo ndilo lililokuwa likinishinda kukuandikia. Nilijua unangoja kosa, na mimi sikuwa nalo la kukupa.

Tulipanda pamoja mpaka penye miti ya mwisho. Mbele palikuwa na bakuli kubwa la mlima, jeupe, halina hata alama ya sungura. Nilimwambia tunaishia hapa. Alisimama nami, akatazama, akasema pazuri. Kisha nikavua glavu nirekebishe kamba ya begi langu, na nikasikia injini yake. Alikuwa amekwisha kupanda. Mashine yangu siku ile ilikuwa na mkanda wa wastani. Nilijaribu kumfuata nikazama hatua chache tu. Yake ilipanda kama inavyotakiwa kupanda. Ilifika juu kabisa, karibu na ukingo, mahali ambapo kwa mkanda mwingine asingefika. Akageuka, akasimama juu ya vikanyagio, akaninyooshea mkono. Alikuwa anacheka, Dada. Nilikuwa mbali, lakini mtu akicheka mwili wake unajulikana.

Kule Bidiya ukifika juu ya kilima umefika. Mchanga unaweza kukukwamisha, unaweza kukupindua, lakini haukufuati. Nadhani hilo ndilo pekee la mchanga lililobaki kichwani mwake, kwamba mahali ukiweza kupapanda, pamekukubali. La mkanda nilimfundisha. Hili, kwamba theluji inakufuata, nilimwambia kwa mdomo tu, na kwa mdomo halifundishiki.

Ile ya juu ilikatika kutoka kwenye ile ngumu, ukingo mzima, kwa pamoja. Ilitoa sauti kama mtu anayeketi kwenye godoro. Sikumwona akianguka. Alikuwapo, kisha pale alipokuwa palikuwa panatembea. Mimi nilikuwa penye miti, ikapita pembeni yangu. Nilimwita jina lake mpaka waokozi walipokuja wakaniambia ninyamaze ili wasikie ishara.

Ndivyo nilivyoona.

Askari wa mbuga watatembea korongoni Agosti. Wameniahidi wataniita. Nitakwenda nao kwa miguu, watu wengi, theluji ikiwa haipo. Hilo niruhusu.

Mpe Thureya salamu, na umwambie ninaweza kumsimulia mwenyewe kama akitaka.

Mdogo wako,
Wael


Ghubra, Maskati
6 Julai 2025

Mdogo wangu Wael,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nimefurahi homa imekuacha. Ruhusa unayo, ya Agosti, ukiwa na watu. Baada ya hapo panda ndege uje. Chumba cha mbele kina kiyoyozi kipya.

Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikampa Thureya akaisoma peke yake. Aliporudi alisema, "Alikuwa anacheka." Nikamwambia ndiyo, ndivyo alivyoandika. Akaniuliza kama anaweza kubaki nayo. Nimempa.

Kadhi amehukumu. Walimsalia msikitini baada ya alasiri, sala ya asiyekuwapo. Bakhit alileta viti, akavipanga yeye mwenyewe na viatu vyake vya daktari, hakutaka kusaidiwa. Azaa ya wanaume ilikuwa sablani, kwenye ukumbi wa mtaa, ya wanawake hapa nyumbani, siku tatu. Walikuja watu wengi sana, Wael. Walikuja vijana wake wa Bidiya na magari yaliyojaa vumbi, wakaegesha mpaka njia kuu. Thureya kaingia eda, yuko chumbani mwake, kichwa kimepungua kuuma.

Siku hizo tatu kila mtu alilisema lile neno mbele yangu, marehemu, marehemu, nami niliitikia. Lakini kulisema sikulisema. Hakuna aliyeona, maana mfiwa haombwi kusema, anaombewa.

Jumatano iliyopita simu ya nyumbani ililia. Sauti ya mwanamume, ya juu juu, mtu wa utani.

"Mama yake Jaifar? Mimi Musallam wa duka la matairi, Mawaleh. Nambari yako nimeipata kwa tabu. Huyo bwana kaagiza matairi manne ya mchanga tangu mwaka jana, yamefika, yamejaza duka langu, na simu yake haipatikani. Mwambie nitayauza! Au kahamia mwezini?"

Alikuwa anacheka, na nyuma yake nasikia vyuma vinagongana.

Nikamwambia, "Jaifar amekufa."

Kule vyuma viliendelea kugongana. Kisha akamkemea mtu aache, pakawa kimya. Akasoma inna lillahi mpaka mwisho, polepole. Akasema, "Nisamehe mama. Wallahi sikujua." Nikamwambia hana kosa, na asiyauze, Bakhit atakuja kuyachukua. Akasema atayaleta mwenyewe mpaka mlangoni.

Nilipoweka simu nikageuka, Thureya alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Alikuwa amesikia. Kisha akaja akakaa sakafuni, akaweka kichwa pajani pangu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akalia kwa sauti. Nalwoga akatoka jikoni mbio, akatuona, akarudi taratibu, akazima moto wa wali.

Sikumnyamazisha. Nilimfungua ushungi nikaziachia nywele zake zipate hewa, tukakaa hivyo mpaka alipotosheka.

Dada yako akupendaye,
Zeyana